Maji Mazee

Sista alikuwa na haraka. Mtaje mbele ya mtu yeyote wa Matinyani na hilo ndilo atakalokuambia kwanza, tena akicheka, kwa sababu kila mtu ana kisa chake. Alitembea kama mtu anayefuatwa na mbwa. Ukimsalimia, alikuitikia akiwa amekwisha kukupita. Ukianza kumweleza ugonjwa wako alikumalizia maneno, na kilichoudhi ni kwamba mara nyingi alipatia. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na matangazo yakianza tu yeye yuko njiani, kitambaa cha kichwa mkononi. Mchungaji wetu alijaribu kuyaleta matangazo kabla ya mahubiri ili naye ayasikie. Jumapili iliyofuata Sista alifika mahubiri yanapoanza.

Hakuwa mtawa. Kwetu nesi ni sista, na huyu alikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka mingi mpaka hakuna aliyekumbuka kumwita jina lingine. Alistaafu, akapewa blanketi na keki, na kesho yake asubuhi kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu kwenye kibaraza chake. Alikozaliwa na kwa nini hakuolewa, hayo sijui. Nilimuuliza mara moja kama ana ndugu. "Wako," akasema. "Na wewe uko na maswali." Basi nikaacha.

Mimi nilimwendea kwa sababu nilitaka mtoto. Nalisema mapema ili usije ukadhani nilienda kwa ajili ya samaki. Nilikuwa nimeolewa, nimepata mimba na kuipoteza, nimepata nyingine na kuipoteza pia, na nilikuwa nimefika mahali ambapo mwanamke akipita na mtoto mgongoni naangalia upande mwingine kama aliyeona ajali. Nilikuwa na kibanda changu cha kushona pale sokoni, na nguo za ubatizo nilikataa kuzishona. Nilisema cherehani haiwezi kitambaa kile. Watu walielewa, wakapeleka kwingine.

Siku hiyo ya kwanza hakunipima wala hakuniuliza kitu. Alinielekeza kwenye kiti na kusema, "Kaa hapo uangalie hiyo. Nikimaliza chai tutaongea."

Hiyo yenyewe ilikuwa tangi la kioo, refu kama sanduku la bati la mtoto wa bweni, juu ya meza ya mbao nzito iliyotengenezwa kwa makusudi hayo. Nje kulikuwa na kiangazi. Wewe unayejua Kitui mwezi wa Septemba unajua ninachosema: vumbi mpaka kwenye meno, ng'ombe wamebaki mifupa, wanawake na mitungi yao wakingojea zamu pale kisimani. Halafu ndani ya nyumba ile, kijani. Majani marefu kama ya vitunguu yalipinda juu yalipogusa uso wa maji. Mengine mapana yalishikilia jiwe. Na katikati yake samaki wadogo, hakuna aliyezidi kidole changu, wakipita bila haraka yoyote. Nilikaa nikaangalia. Niliona pia kwamba nilikuwa nimeacha kushika tumbo langu, jambo nililolifanya siku hizo bila kujijua.

"Sasa," akasema Sista, akiweka kikombe chini. "Hiyo mikono yako inawasha. Unabonyeza hiyo tumbo kama mtu anachagua avokado sokoni. Kwa hospitali utaenda, nitakuandikia mahali pa kwenda, wakufanyie skani, na bwanako pia aende. Lakini hapo katikati utakuwa unangoja, na wewe kungoja hujui. Utatengeneza moja kama hii."

"Sista, mimi nimekuja kwa mambo ya mtoto."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Hakuna aliyejua vizuri alikotoa mapenzi hayo ya samaki. Yeye mwenyewe samaki hakula. Alisema harufu yake inamrudisha nyuma, na wazee wake wangesema ni nyoka tu aliyekosa adabu. Nijualo ni kwamba daktari mmoja aliyehamishwa alimwachia tangi lenye ufa, na fundi wa madirisha akaliziba. Lililobaki alilisoma kwa kuwaua. "Wa kwanza wote nilizika," aliniambia. "Nilikuwa nawaosha kila Jumamosi kama masufuria."

Hapo ndipo nilipolisikia lile neno lake. Alisema samaki hawataki maji safi, wanataka maji mazee. Maji mapya, hata yang'ae vipi, hayana wenyeji. Maji mazee yamekaa, yamezoeana na mchanga na mizizi, yamepata vidudu visivyoonekana vya kula uchafu wa samaki, na uchafu huo huo unalisha majani. Ukiyatoa yote unafukuza wafanyakazi wote siku moja, kisha unashangaa kwa nini nyumba imenuka. Maneno hayo aliyasema katika nchi ambayo watu wanaamka gizani kutafuta maji safi, na mtungi wa maji safi ndio heshima unayompa mgeni. Nilidhani amechoka akili.

Lakini nilitengeneza. Mume wangu alinunua vioo, fundi akaviunga, tukaweka mbali na dirisha kwa sababu Sista alisema jua likilipiga maji yatageuka supu ya kijani. Chini tulitia udongo wa shamba la kunde, usiojua mbolea ya dukani, tukautoa mawe na mizizi, unene wa vidole viwili. Juu yake mchanga wa mto ili udongo ukae chini. Mchanga tunao, malori yanaubeba kila siku. Tuliuosha mpaka maji yakatoka meupe, na maji ya kuosha niliyabeba ndoo kwa ndoo kupeleka kwenye sukuma wiki, kwa maana jirani angeona nayamwaga bure ningeitwa kanisani. Sista alisimama mlangoni akiamrisha.

"Hiyo maji unamwaga kama unazima moto! Weka sahani chini, mwagia juu ya sahani. Polepole. Wewe ulifunzwa na nani?"

Maji yenyewe tulichanganya. Ya kisima kile ni ya chumvi, chai yake unaijua kabla hujaionja, na ya mvua ya paa ni laini mno. Nusu kwa nusu yalikaa vizuri. Majani alinikatia kwake, mengi, akayapanda yeye mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa koleo lake refu la zamani la zahanati. Alisema shamba la maji usilipande kwa uchoyo, maana mahali palipo wazi magugu hayangoji. Ya majani mapana aliyafunga kwenye jiwe kwa uzi wangu wa kushonea, kwa sababu shina lake likifukiwa linaoza. Taa ndogo juu, iwake saa chache tu. Hakuna mashine ya kuzungusha maji; umeme wetu ungeiua kabla ya mwezi kuisha.

"Na samaki?" nikauliza.

"Samaki gani? Funga mlango uende ukashone."

Siku chache baadaye maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nilikimbia kwake na kandambili. Hata hakuinuka. "Eka," akasema. Ni Kikamba, maana yake acha, wacha, usiguse. Wanawake waliozalia mikononi mwake wanalijua neno hilo kuliko jina lake, kwa sababu ndilo alilowapigia kelele walipotaka kusukuma kabla ya wakati. Mama mmoja wa sokoni alinisimulia kwamba akiwa kwenye kitanda kile alimtukana Sista matusi ya kila aina, na Sista, akiwa amemshika mguu, alimjibu tu, eka, eka, kama mtu anayemtuliza punda. Nilirudi nyumbani. Maji yakajisafisha yenyewe.

Hiki ndicho kitu ambacho sikuwahi kukielewa kwake. Mtu aliyeshindwa kungoja matangazo aliweza kukaa na mwanamke kutwa nzima bila kumharakisha, na aliweza kuacha tangi tupu wiki baada ya wiki, majani tu na konokono, mpaka atakaporidhika. Nadhani subira yake yote ilikwenda huko, na sisi wengine tukapata makombo. Alikuwa pia na mengine yasiyolingana. Aliwakataza wagonjwa sukari, na chai yake kijiko kingeweza kusimama. Alisema hapendi watoto, wana kelele, na mfuko wa aproni yake haukukosa peremende. Pale kisimani aliruka foleni waziwazi, mtungi kichwani, akisema, "Mimi niliwazalisha nyinyi wote, mnataka nipange laini?" Na hakuna aliyemzuia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Samaki walikuja kutoka Nairobi kwenye ndoo yenye kifuniko, kwenye lori la dereva mmoja wa kutoka Garissa aliyeletea maduka ya Kitui mchele na mafuta. Sista alikuwa amemzalishia mkewe walipokuwa wanakaa mjini, na tangu hapo alimtuma kama mtoto wake. Dereva yule alisimamisha lori mbele ya kibanda changu, akashusha ndoo kwa mikono miwili na kuniambia, "Mwambie Sista abiria wake wamefika. Wote wamekaa vizuri, hakuna ametapika."

Sista aliwachagua kama mwenye ploti anavyochagua wapangaji. Wale wenye mikia ya rangi wakae juu na katikati, wanapenda kuonekana. Wale weusi wazuri kwa maji yetu ya chumvi. Kambale wadogo wenye ndevu wakae chini, wafagie. Mkorofi hata mmoja asiingie, hata awe mzuri vipi, maana mpangaji mmoja mkorofi atahamisha ploti nzima. Na wawe wachache. Chakula ni kidogo, kile watakachomaliza ukiwa bado umesimama hapo. Mume wangu hilo lilimshinda. Ni mtu mpole, asiyejua kumnyima kiumbe chakula. Nilimkuta mara kwa mara ameinama juu ya kioo akiwatupia chembe za ugali, akiwaambia wasimwambie mama. Alipolisema neno hilo, mama, aligeuka akaniona, na wote wawili hatukujua tuangalie wapi.

Lililofuata lilipaswa kutufurahisha. Wale wenye mikia ya rangi walizaa. Hawatagi mayai kama samaki wengine. Wanazaa watoto wazima wanaoogelea, na wanazaa mwezi baada ya mwezi bila kuombewa. Nilikuta vitone vyenye macho vimejificha kwenye majani yanayoelea, nami nikakaa sakafuni pale pale. Niliwachukia. Niliichukia nyumba yangu kwa kukubali kila mtu azalie humo isipokuwa mimi.

Nilimpelekea Sista habari hiyo kwa sauti ambayo leo nisingeitumia kwa mtu mzima. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Hiyo sikufikiria." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akikiri kwamba kuna kitu hakukifikiria. Akasema atakuja awachukue wote, aniletee wale wasiozaa kirahisi. Alikuja kweli, na ndoo, na nikamwambia awaache. Sijui kwa nini. Nafikiri nilishaanza kuwahesabu.

Hadithi ya mama mkwe wangu lazima niisimulie, kwa sababu watu wanaomkumbuka Sista kwa ukali tu hawakuwepo siku hiyo. Mama mkwe alitoka Mbooni na gunia la avokado na maswali. Alikaa sebuleni kwangu, akaliangalia tangi, akasema kwa upole wa kuchoma, "Kwa hivyo maji ya kulea samaki iko." Sista alikuwa ameingia kukagua majani, kama kawaida yake bila kubisha hodi.

"Mama," akasema, akivuta kiti, "wewe unafuga ng'ombe?"

"Ninafuga."

"Ng'ombe ikikataa kushika mimba, utaanza kuichapa, ama utaenda pia kuangalia ile ndume ya jirani?"

Mama mkwe aliliangalia tena tangi. Kisha akasema, "Mtu huangalia ndume pia."

"Basi nyamaza tunywe chai."

Walikunywa. Jioni walikuwa wanacheka pamoja jikoni juu ya mambo ambayo mimi nilikatazwa kuyasikia, na tangu siku hiyo mama mkwe hakuniuliza tena. Mume wangu alikwenda hospitali, akapimwa, akaonekana mzima. Nami nilionekana mzima. Tulikuwa wazima wote wawili, jambo ambalo daktari alitupongeza nalo.

Mimba ya tatu ilikaa kuliko zile za kwanza. Ilianza kuonekana. Sista alikuja karibu kila siku, akaweka kiganja chake pale, akasikiliza moyo wa mtoto kwa pembe yake ya mbao ya wakunga, akaondoka na haraka zake bila kusema kitu, na mimi nikajifunza kusoma mgongo wake ukienda. Mgongo ulisema mimba inaenda vizuri. Halafu asubuhi moja kibandani niliinuka kwenye cherehani, na damu ikaanza kunitoka. Nilipelekwa mjini, nikalazwa. Mtoto walimfunga kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa wa kike.

Kwetu mtu akipatwa na jambo kama hilo wanawake hawaulizi, wanaingia. Wa kanisa na majirani waliingia nyumbani kwangu nikiwa hospitali. Walideki, wakafua mapazia, wakapaka kuta za jikoni, wakajaza kila mtungi. Ni kiangazi, kumbuka. Maji yale waliyabeba kutoka kwao. Na walipofika kwenye tangi waliona maji yaliyogeuka rangi ya chai hafifu, matope chini, utando wa kijani kwenye kioo, wakahurumia. Wakasema maskini, amekosa nguvu hata za kuosha samaki. Wakayatoa yote. Wakasugua kioo kwa sabuni ya unga na steelwuli, wakaosha mchanga, wakautupa ule udongo mchafu, wakarudisha majani kwenye mawe masafi. Kisha wakajaza maji bora kuliko yote waliyokuwa nayo, maji ya kunywa, yaliyotiwa ile dawa ya matone inayoua vidudu.

Nilipoingia mlangoni tangi lilikuwa linang'aa kama dirisha la kanisa, na halikuwa na kitu kinachosogea. Samaki walikuwa mezani kwenye sinia, wamefunikwa kwa sahani, kama chakula cha mtu aliyechelewa.

"Hatukujua kama mnakulanga," akasema mwenyekiti wa akina mama, akilia. "Tuliweka maji ya kunywa kabisa, Mwende. Ile ya dawa. Aki hatukutaka wakae kwa uchafu na wewe hauko."

Nilitaka kuwafukuza. Nalisema lilivyo: nilitaka kuchukua ufagio niwatoe wote, na mikono yao iliyochubuka kwa sabuni. Sista, ambaye alikuwa amenileta kutoka hospitali, alisimama kati yetu, na nikangoja awanyeshee maneno. Mtu aliyemfokea mchungaji kwa kuchelewesha ibada angewafanya nini hawa? Alimshika mwenyekiti mkono akasema, "Asanteni. Maji ya kunywa, na kiangazi hiki. Asanteni sana." Kisha akanigeukia mimi, na nikajua natakiwa niseme vivyo hivyo, na nikasema. Meno yaliniuma.

Walipoondoka alikwenda kwake mbio na kurudi mbio, na mtungi wa maji kutoka kwenye tangi lake, na bakuli la tope kutoka chini kabisa, jeusi, lenye harufu ya mvua. "Hii ndiyo mzee," akasema. "Hii itafundisha ile ingine." Akaanza upya udongo na mchanga, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti na kanga tumboni, akinifokea nimshikie taa vizuri. Mpaka leo tope hilo la kwake ndilo lililo chini ya mchanga wangu.

Miaka ilikwenda. Kwa maandishi ni maneno mawili tu. Nilienda Machakos kwa madaktari, baadaye Nairobi, na wa Nairobi aliniambia kwa sauti ya upole kwamba ingefaa ningekuja mapema zaidi. Nilishuka kutoka huko na hasira ya njia nzima nikaenda moja kwa moja kwa Sista.

"Ulinifundisha kungoja," nikamwambia, "mpaka wakati ukaisha."

Alikuwa anakata majani ya tangi. Aliweka mkasi chini. "Inawezekana," akasema. Hakujitetea, hakunikumbusha kwamba ni yeye aliyeniandikia barua ya hospitali siku ile ya kwanza. Aliniacha niliingize neno lile mahali nilipotaka kuliingiza, na likaingia. Sikumwendea kwa muda. Kisha asubuhi moja akaingia kwangu bila hodi, akainama kwenye kioo akasema nimewalisha sana, maji yananuka, kwani nafuga samaki ama nguruwe? Nikaweka chai jikoni. Hatukurudia habari ile, na sijui hata leo nani alikuwa na haki.

Mume wangu alihamishiwa ofisi za kaunti jirani, tukaja kukaa hapa mji wa Wote. Tangi tulilibeba robo yake ikiwa na maji, samaki kwenye ndoo miguuni pangu, na nilimwambia dereva asiturushe kwenye matuta. Hapa nina duka la kushona lenye dirisha kubwa, na wateja wanaongoja pindo huketi mbele ya kioo kile wakasahau walichofuata. Kazi yake ni ndogo. Naongeza maji yanayokauka. Natoa nusu ndoo mara kwa mara, naipelekea mboga. Napunguza majani. Na kila nifanyapo hivyo namtaka Sista. Sina neno la adabu zaidi ya hilo. Nataka aingie bila hodi na kuniambia nafanya vibaya. Nimekuwa na marafiki wapole hapa Wote, wanaobisha na kungoja niwafungulie, na wakiondoka nyumba inakuwa tupu kuliko ilivyokuwa. Nilimpigia simu, na simu zilikuwa fupi kama yeye mwenyewe, kisha zikawa fupi zaidi, kisha akapokea mtu mwingine.

Alikuwa mpwa wake. Alisema Sista anasahau, kwamba alikutwa akielekea zahanati na aproni yake, akisema kuna mama anangoja, na kwamba wamemchukua Mbooni akakae nao. Nilifunga duka siku iliyofuata. Bodaboda ilinipandisha ile milima mpaka hewa ikawa baridi na mashamba yakawa ya kijani yenyewe, bila mtu kuyahangaikia, na nyumba ya mpwa ilikuwa mwisho wa njia, mahali ambapo pikipiki ilibidi iachwe.

Alikuwa amekaa kibarazani na sweta mbili. Alikuwa amepungua mwili. Kilichonishtua zaidi ni kwamba alikuwa ametulia. Alinitazama nikipanda njia yote ile, mwanzo hadi mwisho, bila kuinuka kuniambia nipande upesi. Mpwa wake alileta chai. Nilimwambia Sista kwamba samaki wanamsalimu.

"Samaki?" akasema. "Mimi sili samaki."

Tulicheka, mimi na mpwa, naye akacheka kwa kutuona. Kisha akaniangalia vizuri, kwa heshima, kama unavyomwangalia mgeni.

"Wewe ni mama nani?"

Si swali la ubaya. Ndivyo mwanamke wa rika langu anavyoulizwa kwetu, ili mtu ajue amweke wapi. "Ni Mwende, Sista. Mwende wa Matinyani."

"Mwende mama nani?"

Mpwa wake alianza kusema kitu, nikamzuia. Swali hilo nimeulizwa sokoni, kanisani, kwenye harusi, na sikuzote nimejibu, bado. Bado ni neno zuri. Linaacha mlango wazi kidogo, na muulizaji anapita kwa amani. Nilikuwa nimelisema mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe na hakuna aliyeniambia sasa inatosha.

"Sina, Sista," nikasema. "Sikupata mtoto."

Aliweka kikombe chini. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na ulimtaka?"

"Nilimtaka sana."

"Woi," akasema. Macho yakamjaa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauweka kifuani kwenye zile sweta, akaniita mwanawe kwa Kikamba. "Woi, mwana wakwa. Pole. Pole sana."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Waliniambia niombe, nisikate tamaa, Mungu ana mpango wake, Sara alizaa uzeeni. Pole huambiwa mtu aliyefiwa, na watu wote walionipenda walikuwa wamekataa kwamba nimefiwa, na yeye Sista akiwa wa kwanza wao. Nililia mbele ya mpwa wake ambaye tulikuwa tumejuana kwa muda wa chai moja.

Akaniachilia. Akanywa chai yake, akatazama ukungu ukishuka kwenye mahindi. Baada ya muda aligeuka, akanikuta pale, akaniangalia kwa heshima.

"Wewe ni mama nani?"

"Auntie, tafadhali," mpwa wake akasema, na kuficha uso.

Ningeweza kubadilisha mazungumzo, kuna mahindi, kuna mvua. Nikamjibu. Na kikombe kikawekwa chini tena, na macho yakajaa, na akanishika mkono, kwa sababu kwake ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari hiyo. Woi, mwana wakwa. Pole sana. Aliuliza tena, nikajibu tena, na kila mara maneno yalitoka mepesi kidogo, na kila mara yeye alinililia upya.

Kule chini pikipiki ilipiga honi. Nilimwomba mpwa amwambie kijana wa boda aningoje kidogo, kwa sababu Sista alikuwa ananitazama tena, na nilimwona anataka kuniuliza.